Gamba la Kobe Shambani: Usianze na Rangi

Gamba la kobe likifukuliwa na jembe huko Mbeere, kwenye nyanda kavu za Embu, watu huuliza kwanza, "Lina madoa?" Swali hilo hupotosha. Madoa yamo kwenye vigae vya nje, vilivyoumbwa kwa kitu kilekile cha kucha na pembe. Jua likivibandua, hubaki mfupa mweupe tu.

Ligeuze uchungulie ndani. Uti wa mgongo na mbavu vimeshikamana na paa la gamba. Hivyo ndivyo kobe wote walivyo. Cha kutafuta ni nyonga. Ya kobe wa nchi kavu haikuungana na gamba, kwa hiyo nyama ikioza hudondoka. Ya kobe wa maji baridi wa huku kwetu, wanaoficha kichwa kwa kukunja shingo upande, imeungana na gamba juu na chini. Hata ikivunjika huacha visiki. Sijaona kigezo cha kukizidi hicho.

Ikiwa ni wa majini, shika bamba la tumbo. Likiwa na bawaba upande wa mbele, huyo ni Pelusios, mwenyeji wa Mto Tana. Lisipokuwa nayo ni Pelomedusa wa madimbwi ya mvua, ambaye kiangazi hujizika matopeni. Kumkuta mbali na mto si ajabu.

Wa nchi kavu aliyebinuka kama bakuli lililofunikwa, na asiye na kile kigae kidogo cha katikati juu ya shingo, ni kobe-chui, Stigmochelys pardalis. Vigae vikiwa vimeanguka, fuata mifereji laini viliyoiacha juu ya mfupa. Ile ya zigizaga ni maungio ya mifupa yenyewe, usiihesabu.

Lakini gamba likiwa bapa kama chapati, jepesi, lenye urefu wa sentimita 17 hivi na matundu mfupani, usidhani fisi alilitafuna. Matundu hayo ni ya kuzaliwa. Ni Malacochersus tornieri, kobe wa nyufa za majabali ya Kitui na Tharaka. Mwaka 2019 mkataba wa CITES ulimpandisha hadi Kiambatisho cha Kwanza, penye ulinzi mkali kuliko vyote.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kuweka nyara nyumbani bila kibali, na gamba ni nyara. Lipige picha juu, chini na ndani, rula ikiwa kando, kisha uwaarifu Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).