Kumbukumbu, Nguvu na Kasi: Maoni juu ya Istilahi za Kompyuta Mpakato za Michezo

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno yanayotumika kwa Kiswahili kuelezea kompyuta mpakato za michezo, hasa zile za daraja la juu ambazo bei yake hupita ya pikipiki mpya. Pengine msomaji atashangaa kuona jarida la istilahi likijishughulisha na kifaa cha kuchezea. Sababu ni mbili. Kwanza, kompyuta hizi hazinunuliwi na wacheza michezo peke yao. Wahariri wa filamu, wachoraji wa majengo na walimu wa usanifu huzinunua pia, kwa kuwa chipu inayochora vita vya kubuni ndiyo hiyo hiyo inayochora nyumba kabla haijajengwa. Pili, ni nadra kuona karatasi ya maelezo ya bidhaa iliyosheheni tarakimu kama ya kompyuta hizi, na kila tarakimu yataka jina lake. Dai langu ni kwamba mengi ya majina tuliyo nayo yaliundwa kwa kulitazama neno la Kiingereza badala ya kukitazama kitu chenyewe, na kwamba upungufu huo umeangukia pale pale fedha zinapotolewa.

Nianze na kumbukumbu, maana ndiyo inayoleta hasara ya haraka. Hivi karibuni ililetwa kwetu, ili isahihishwe Kiswahili chake, hati ya idara moja iliyotaka kununua kompyuta za kuhariria filamu. Hati hiyo ilitaka kila kompyuta iwe na "kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 512". Mwandishi wake alikusudia mahali pa kuhifadhia mafaili. Lakini kiasi cha ile kumbukumbu ambayo kazi hufanyikia hakikutajwa popote, kwa kuwa neno lilikwisha kutumika. Muuzaji angeweza kuleta mashine yenye gigabaiti 512 za kuhifadhia na gigabaiti 8 tu za kufanyia kazi, na asingekuwa amevunja hata sharti moja la hati. Filamu nazo zisingeharirika.

Ndani ya kompyuta ya namna hii mna ghala tatu. Ya kwanza ni ile ambamo kazi inayoendelea hukaa kwa muda, maadamu umeme upo; siku hizi huwa ya gigabaiti 16, 32 au 64. Ya pili ni ile ambamo mafaili na programu hulala hata mashine ikizimwa, nayo huhesabiwa kwa terabaiti 1 au 2. Ya tatu ni mali ya chipu ya michoro peke yake, wala haikopeshi wengine; katika kompyuta mpakato za miaka hii huanzia gigabaiti 6 au 8 hadi 24. Kiswahili cha matangazo huziita zote tatu kumbukumbu. Napendekeza neno hilo libaki kwa ghala ya kwanza na ya tatu, yaani kumbukumbu ya kazi na kumbukumbu ya michoro, na ile ya pili iitwe hifadhi tu. "Diski ngumu" nayo ni tafsiri ya neno kwa neno ambayo imepitwa na kitu chenyewe, maana hifadhi za kompyuta hizi leo hazina kisahani kinachozunguka, wala hazina kilicho kigumu kuliko vingine vilivyo jirani yake. Neno ramu, linalotumiwa na kila fundi wa Kariakoo, silipingi. Limezoeleka, na lina maana moja.

Yapo pia maneno ambayo hatunayo kabisa. Kompyuta ya Asus iitwayo ROG Zephyrus G16, ya mwaka 2024, ina kumbukumbu ya kazi iliyolehemiwa katika bodi. Aliyenunua gigabaiti 16 atabaki nazo hadi mashine ife. Lenovo Legion Pro 7i ya mwaka huo huo ina nafasi mbili ambamo vibao vya kumbukumbu huchomekwa na kuchomolewa. Tofauti hii ni kubwa kuliko nyingi zinazotangazwa kwa herufi nene, lakini sijaona karatasi ya Kiswahili inayoitaja. Kumbukumbu ya kulehemiwa na kumbukumbu ya kuchomeka yangetosha kabisa, na hakuna mtu ambaye angehitaji kufafanuliwa zaidi.

Kosa la namna hiyo hiyo limo katika "kadi ya michoro". Katika kompyuta ya mezani jina hilo ni sahihi, maana kweli iko kadi, nayo hutiwa na kutolewa. Katika kompyuta mpakato karibu zote hakuna kadi. Iko chipu iliyolehemiwa karibu na kichakataji kikuu. Anayesoma "kadi" hufikiri kwamba baada ya miaka mitatu ataibadili aweke nyingine, kama abadilivyo laini ya simu. Yafaa tuseme kichakata michoro, jina linalotaja kazi ya kitu bila kudai umbo kisichokuwa nalo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitoa kichakata michoro kiitwacho RTX 4090 kwa kompyuta za mezani mwezi Oktoba 1922 ungedhani, kwa jinsi majina yanavyozeeka upesi katika biashara hii, lakini ilikuwa 2022 tu. Kilikuwa na viini 16,384, kumbukumbu ya michoro ya gigabaiti 24, na kiliruhusiwa kula wati 450. Mapema mwaka 2023 ikatoka RTX 4090 ya kompyuta mpakato. Hiyo ina viini 9,728 na gigabaiti 16, na wati zake za kawaida ni kati ya 80 na 150. Kwa hakika chipu iliyomo ndani ni ya aina ile ile iliyotumika katika RTX 4080 ya mezani. Mwaka 2025 ilikuja RTX 5090, na mwendo ukawa ule ule: viini 21,760 na wati 575 mezani, viini 10,496 na wati zisizozidi 150 katika mpakato, bila kuhesabu zile za nyongeza nitakazozieleza. Jina ni moja, vitu ni viwili. Mfasiri anayeliacha jina hilo kama lilivyo, akidhani kwamba majina ya bidhaa si kazi yake, huwa amelipitisha kosa la mwenye duka likiwa na muhuri wa Kiswahili. Aandike "RTX 4090 ya mpakato" kila mara, hata kama asili ya Kiingereza imelificha neno hilo la mwisho.

Hata hivyo hiyo haitoshi, kwa kuwa mpakato zenyewe hazilingani. Zephyrus G16 niliyoitaja, ambayo ni nyembamba na ina uzito usiofika kilo 2, huipa RTX 4090 yake wati 115 kwa upeo. Legion Pro 7i, iliyo nene na nzito kuliko hiyo, huipa RTX 4090 yake wati 175. Zamani kidogo ilikuwapo alama ya kuwatahadharisha wanunuzi: toka mwaka 2017 chipu zilizopunguzwa wati kwa ajili ya mashine nyembamba ziliitwa Max-Q. Mwaka 2021 Nvidia iliacha kuliweka jina hilo katika majina ya chipu, na badala yake ikawataka watengenezaji waandike wati katika maelezo yao. Basi tangu hapo tarakimu ya wati si pambo la mafundi. Imekuwa sehemu ya jina.

Sisi tunaiitaje tarakimu hiyo? "Nguvu". Na kompyuta inayochora haraka tunaiitaje? "Yenye nguvu". Hapo ndipo lugha inapotuangusha. Wati 175 ni kiasi cha umeme kinacholiwa. Wingi wa picha zinazochorwa ni matokeo ya kula huko, na viwili hivi haviendi sambamba. Wati za mwisho huzaa kidogo kuliko za kwanza, hata mashine ya wati 115 haiko nyuma ya ile ya 175 kwa kadiri ambayo mgawanyo wa hesabu ungeonyesha. Mtu anayetaka mashine ya kubeba kila siku aweza kuchagua wati chache kwa akili timamu kabisa. Anachohitaji ni kujua kwamba anachagua. Kwa hiyo napendekeza ukomo wa wati kwa kiasi cha umeme ambacho chipu imeruhusiwa kula, na uwezo kwa kazi inayotoka. Neno nguvu liachwe kwa mazungumzo. Katika zile wati 175 za Legion, 25 hazimo katika ukomo wa kawaida. Kichakata michoro huzipata pale tu kichakataji kikuu kisipokuwa na kazi nyingi. Kuziita "za nyongeza" ni kumdanganya mnunuzi kwamba zipo sikuzote. Wati za kuazima ndilo jina lake, kwani mwenyewe akizihitaji huzichukua.

Vitabu vya sayansi vya shule vilikwisha kututengea kani na nishati, na ajabu ni kwamba watangazaji hawafaidiki na kazi hiyo. Betri huandikwa "nguvu ya wati 99", ilhali kipimo chake ni watisaa, nacho ni kipimo cha nishati. Betri ya watisaa 99 ikiendesha mashine inayokula wati 200 itakwisha kwa nusu saa, na mwalimu wa kidato cha pili aweza kuionyesha hesabu hiyo ubaoni kwa mstari mmoja. Hiyo ndiyo sababu mashine hizi hujipunguza zinapochomolewa ukutani. Aidha, betri hizi hazizidi watisaa 100 kwa sababu ambayo si ya ufundi: ikizidi hapo, abiria huhitaji idhini ya shirika la ndege kabla ya kupanda nayo.

Kuhusu skrini, nimeona mara nyingi "kiwango cha kuburudisha: hezi 240". Huenda skrini hiyo hutoa na madafu. Mfasiri aliliona neno la Kiingereza ambalo kwa Mwingereza aliyetoka juani lina maana ya kuburudika, akalichukua na maana hiyo hiyo. Kinachosemwa ni kwamba skrini huichora upya sura yake mara 240 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 4 hivi. Skrini ya kawaida ya hezi 60 huchukua karibu 17. Kuhuisha lingefaa: kasi ya kuhuisha. Na hapa pana jambo la pili lililochanganywa. Fremu kwa sekunde ni hesabu ya picha mpya zinazoletwa na kichakata michoro, na "kasi" imekuwa jina la yote mawili. Chipu ikileta fremu 90, skrini ya hezi 240 haiwezi kubuni zilizosalia. Hurudia zile zile, au, ikiwa imeundwa hivyo, hupunguza mwendo wake na kuisubiri chipu. Anayelipia hezi 240 bila chipu ya kuzilisha amenunua kinu kikubwa bila mpunga.

Juu ya "kompyuta ya michezo" sina mengi. Neno michezo kwetu lina mpira ndani yake, na jina hili lingeweza kufikiriwa kuwa ni la kuhesabia mabao. Vijana wanasema gemu, na sioni kwa nini wazee wawakatalie. Mpakato ni neno zuri, limetoka katika kupakata mtoto, ingawa mashine hizi, zenye matundu ya hewa chini na joto la kuunguza, hazipakatiki. Tulivumilie. Tarakilishi na ngamizi yamekwisha kupimwa na watumiaji wenyewe, na kompyuta imeyashinda katika sehemu nyingi.

Limebaki neno kusanidi. Kwa Kiingereza kitenzi kimoja hutumika kwa kuchagua sehemu wakati wa kuagiza mashine, na kwa kupanga mwenendo wake baada ya kuifungua. Kiswahili kimefuata na kuyaita yote kusanidi, na wengine wameongeza la tatu, kuweka programu, ambalo lilikwisha kupata neno lake jema la kusakinisha, kutokana na kusakini mahali. Matendo mawili ya kwanza hayafanani. Mtu akikosea kuchagua kumbukumbu ya kulehemiwa au ukomo wa wati, amekosea kwa maisha yote ya mashine. Akikosea kupanga mwendo wa feni, atabadilisha jioni ile ile. Nashauri tendo la kwanza liitwe kuteua sehemu, na kusanidi libaki kwa la pili.

Katika kusanidi huko ndimo ulimo mtego wa mwisho. Kila kampuni huweka hali kadhaa za uendeshaji, kuanzia ya kimya hadi ya makelele. Neno moja la Kiingereza ambalo wafasiri wetu hulifanya "utendaji" ni jina la hali ya katikati katika mashine za Asus, ambako iliyo juu yake ni turbo; katika mashine nyingi za Lenovo Legion jina hilo ni la hali ya juu kabisa. Mwongozo wa Kiswahili unaosema "weka hali ya utendaji" humpeleka msomaji mmoja juu na mwingine katikati, na katika chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari, ambapo chipu iliyopata joto hujipunguza mwendo yenyewe, tofauti hiyo husikika masikioni na kuonekana katika fremu. Mfasiri aziite kimya, wastani na juu, kwa kufuata daraja ya hali yenyewe, kisha aandike kando yake jina ambalo kampuni imelibandika katika skrini, ili msomaji aweze kulitafuta.