Medicare na umeme uliofungiwa kliniki

Kosa la Medicare katika uamuzi wake wa vidonda sugu, ulioanza kutumika Aprili 1, 2003, liko katika kipengele kimoja: bima hiyo ya Marekani ilikubali kulipia tiba ya umeme kliniki, ikakataa katakata mgonjwa kujitibu nyumbani bila msimamizi. Sharti la kutanguliza siku 30 za tiba ya kawaida lina busara, sina neno nalo. Lakini kipengele kile kiliinyang'anya tiba dozi yake. Lundeberg na wenzake, Sweden, 1992, waliwatibu wenye kisukari na vidonda vya miguu kwa kusisimua mishipa ya fahamu: mapigo ya mkondo geu, Hz 80, dakika 20, mara mbili kila siku, wiki 12. Nani ataihudhuria kliniki asubuhi na jioni kwa miezi mitatu? Mwenye kidonda unyayoni ndiye anayeumia zaidi, kwani mguu wake unatakiwa upumzishwe, na sheria inamtaka aukanyage kuufuata umeme. Mwanafiziolojia Du Bois-Reymond, aliyepima mwaka 1843 mkondo wa umeme unaotoka kwenye jeraha la kidole chake mwenyewe, alianza kwa kuuliza mwili wenyewe unafanya nini. Warasimu wa Medicare walianza na ratiba ya kliniki.

Watetezi wa kipengele hicho watasema ushahidi ni mwembamba. Kweli, na hesabu ya Lundeberg imeniudhi siku zote: walioanza ni 64, waliohesabiwa mwishoni 51, wakapona 10 kati ya 24 waliopata umeme na 4 kati ya 27 wa mashine bandia. Warudishe walioachwa, 32 kila upande. Pengo linapungua, halifutiki. Watasema pia kisukari huua hisia, mgonjwa ajiunguze asijue. Hofu hiyo ni ya haki, ila mapigo ya mkondo geu yanayosawazishana hayaachi asidi na alkali chini ya elektrodi kama mkondo mnyoofu, na nguvu ya mashine inaweza kuwekewa kikomo kabla haijatoka kliniki. Isitoshe, wakati uleule Medicare ilikuwa ikilipia mashine za TENS, zinazosisimua mishipa ya fahamu kupitia ngozi, zitumike nyumbani kwa maumivu sugu. Mkono unaoaminiwa kubandika elektrodi mgongoni unakosaje kuaminiwa kando ya kidonda, ilhali uamuzi wenyewe tayari unasitisha malipo siku 30 zikipita bila dalili ya kupona? Mwaka 1997 wakala unaoisimamia Medicare ulitaka kutolipia tiba hii kabisa, ukazuiwa na mahakama baada ya wagonjwa na chama cha wataalamu wa fiziotherapia kushtaki. Kilichoshindikana kortini kimerudi kupitia kipengele hiki, na safari hii anayefungiwa nje ni yule asiyeweza kutembea.