Vita vya Uhuru: Uhuru wa Nani?

Kijana wa Kahama akutanapo na jina la Utenzi wa Vita vya Uhuru, kabla hajakifungua kitabu, huenda akadhani atasimuliwa Maji Maji, au mapambano ya Frelimo ng'ambo ya Ruvuma. Akifungua hukutana na Hitler. Mshangao huo si wa kijana peke yake. Shaaban Robert alivisimulia vita vya 1939 hata 1945, lakini kitabu kilichapwa mwaka 1967, miaka 5 baada ya kufa kwake na miaka 6 baada ya Tanganyika kujitawala. Neno "uhuru" lilikuwa limekwisha hamia kwingine, na jina la utungo likabaki pale pale.

Kwa anayetaka kuijua historia ya vita hivyo, utenzi una faida ambayo kitabu cha darasani hakina. Kitabu humpa mwanafunzi tarehe: Ujerumani yaingia Poland tarehe 1 Septemba 1939, Ujapani yaipiga Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, na kadhalika, naye huzikariri kwa ajili ya mtihani kisha zikamtoka. Utenzi humpa mwendo. Mizani nane kwa kila kipande, vipande vitatu vikikubaliana kwa vina na cha nne kikishika kina cha bahari toka mwanzo hata mwisho; sikio hungoja kinachofuata, na sababu huvuta tokeo. Ni fani ile ile iliyobeba habari za vita vya Wadachi na vya Maji Maji.

Hata hivyo, beti zipatazo 3,000 ni mzigo, na fani hii haikuzoea kubeba Ulaya nzima. Musolini peke yake, akitamkwa Kiswahili, hula mizani nne, yaani nusu ya kipande, na bado hajatenda lolote. Mtunzi wa tenzi za kale alikuwa na majina ya Kiarabu na ya Kibantu yaliyokwisha lainishwa na ndimi za vizazi; huyu alipaswa kuyalainisha mwenyewe. Ajabu si kwamba mahali pengine utungo huchoka, bali ni kwamba haukukatika.

Shida kubwa iko katika neno "uhuru" lenyewe. Mshairi yu upande wa Waingereza na washirika wao, naye aviona vita kuwa ni shindano la haki na udhalimu. Wako waliomsoma kwa haraka wakasema alijipendekeza kwa serikali iliyomwajiri, kwa kuwa alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hata 1944. Hukumu hiyo ni nyepesi. Mwafrika wa siku zile alikwisha iona Habeshi ikivamiwa na Musolini mwaka 1935, akaona pia Haile Selassie akirejea Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, na askari Waafrika wakiwa miongoni mwa waliomfungulia njia. Kuyaita hayo uhuru si kujipendekeza.

Lakini Wajapani walipoyatwaa mashamba ya Asia mwaka 1942, katani ya Tanganyika ikawa dhahabu, na serikali ile ile iliyopigania uhuru ikawakamata makumi ya maelfu ya watu kwa lazima wakafanye kazi mashambani, mengi yakiwa Tanga na Pangani, nchi ya mshairi mwenyewe. Msomaji akiliweka jambo hili kando ya jina la utenzi, jina halianguki, ila huanza kuuma.

Kahama pana sababu ya kulisoma swali hili kwa makini zaidi. Vita vikuu vya kwanza vilipita huko kwa miguu: mwaka 1916 Waingereza walishuka kutoka Mwanza na Wabelgiji kutoka magharibi ya ziwa, wote wakiilekea Tabora, ambayo Wabelgiji waliitwaa tarehe 19 Septemba. Nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi, na katika Afrika ya Mashariki nzima wapagazi walihesabiwa kwa malaki. Vita vya pili viliwachukua vijana wa Tanganyika, zaidi ya 80,000, wakawa keya, na wengine wakafika Burma. Meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944, wakafa watu 1,297, wengi wao askari wa Afrika ya Mashariki. Bahari ya Hindi inayosifiwa sana na malenga wa visiwani ni kaburi la watu wa bara pia.

Wasukuma nao wana hazina yao. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha nyimbo za kazi za Wasukuma kilichotoka mwaka 2010, amezihifadhi tungo za wawindaji, wapagazi na wakulima. Huko dunia haitazamwi kutoka juu, kwa ramani na majemadari; hutazamwa kutoka chini ya mzigo. Utenzi wa Shaaban Robert una upana ambao nyimbo hizo hazina, nazo zina bega ambalo utenzi hauna. Mwalimu wa Kahama mwenye vyote viwili mezani ana somo la vita lililo bora kuliko la mwenzake mwenye utenzi peke yake.