Plenti za ukumbi wetu: tumlaumu fundi peke yake?

Wandugu na wadada, tangu Jumamosi picha za plenti, ule ubao wa chini ya ukuta, zinazunguka mu simu zetu zote, na watu wanasema fundi asilipwe salio. Mimi nilirudi ukumbini na tochi ya simu, nikapiga magoti, nikazunguka chumba chote. Naomba tuangalie kwanza kazi yenyewe.

Mbao ni nzuri: libuyu iliyokauka, imepigwa randa vizuri. Ubaya ni kwamba zimekatwa kama vile kuta zimenyooka. Sasa ukuta wa matofali hapa Bukavu, juu ya udongo huu unaoteremka kila mvua, unyooke wapi? Upande wa dirisha, kidole kinaingia nyuma ya ubao. Fundi amejaza mastiki. Lakini mastiki inafaa kwa mwanya wa milimita 2 ama 3 tu. Ikizidi hapo inasinyaa na kupasuka, na hii imekwisha kupasuka.

Kona ndizo zinaniuma zaidi. Kila ubao umekatwa digrii 45, juu ya kuamini kwamba kona ina 90. Ikiwa na 88 ama 92, mwanya utaonekana tu. Seremala aliyezoea nyumba zetu anaacha ubao wa kwanza uende mzima mpaka konani, halafu anachonga ncha ya wa pili ifuate umbo la uso wa ule wa kwanza. Hapo hata kona mbaya inafunga. Penye ukuta umevimba anakwangua simenti kidogo. Penye shimo anaweka kipande chembamba nyuma, ili msumari usivute ubao ndani. Na sakafu ikipanda na kushuka, anasimamisha ubao kwa nivo, anateleza kipande cha mbao sakafuni na kalamu juu yake, kisha anafuata ule mstari kwa randa.

Kazi hiyo inakula siku nzima nzima. Na sisi tuliandika nini mu devi? Plenti, bei kwa mita, kukata na kupigilia. Basi! Tuko na wahandisi wa ujenzi mu kamati, na hakuna hata mmoja aliyevuta kamba ukutani kabla ya kutoa kazi. Mimi pia nilisaini.

Fundi naye ana lake: alipoona ule ukuta angetuita, si kuficha na mastiki. Lakini kumnyima salio kwa siku ambazo hatukumlipa, hapana.

Napendekeza tumpe salio lake lote, tuongeze siku mbili arudilie kona, aanze na za dirishani. Tuamue kabla ya mwezi wa sita. Kiangazi kikiingia ubao utasinyaa kwa upana, na hizo kona za 45 zitafunguka zaidi.