Kabla ya Ruta, Pima Ukuta

Madukani Ukunda, ruta huuzwa kwa hesabu ya antena. Zenye antena mbili hukaa rafu ya chini, za nne juu yake, na za sita hupewa kabati la kioo kando ya simu za bei. Mnunuzi aliyetoka Gazi au Msambweni, mwenye kipakatalishi kimoja nyumbani, huambiwa ile ya sita inashika mpaka barabarani. Kwa nyumba nyingi za Kwale, naona fedha hizo zinapotea. Kasi inaamuliwa na vitu viwili ambavyo havimo kwenye boksi: kadi ya waifai iliyo ndani ya kipakatalishi, na jiwe lililotumika kujenga ukuta.

Chukua nyumba ya mwalimu mmoja wa Msambweni niliyemsaidia kuchagua. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyokatwa timboni, plasta ndani na nje, na paa ni la mabati. Faiba haijafika kwake, kwa hiyo intaneti inaingia kwa laini ya 4G. Kipakatalishi ni cha mtumba, na chumba anachosahihishia kazi za wanafunzi kiko nyuma, kuta mbili kutoka sebuleni.

Tulianza na kipakatalishi chenyewe. Katika Windows, andika amri netsh wlan show drivers, kisha tazama mstari unaotaja aina za redio. Orodha ikiishia 802.11n, hiyo ni kadi ya kizazi kilichoidhinishwa mwaka 2009. Ac ilifuata mwaka 2013, na vifaa vya ax, yaani Wi-Fi 6, vilianza kupewa vyeti mwaka 2019. Ya mwalimu iliishia n, yenye antena moja na masafa ya gigahazi 2.4 peke yake. Kadi ya namna hiyo, kwenye chaneli ya upana wa megahazi 20, haivuki megabiti 72 kwa sekunde hata ikae mezani pamoja na ruta, na katika hizo kinachobaki kwa kazi halisi ni kama nusu. Sasa soma boksi lililoandikwa AC1200. Namba hiyo imepatikana kwa kujumlisha 300 za masafa ya 2.4 na 867 za masafa ya 5, kisha kuikadiria kwa juu. Zile 867 kipakatalishi hiki hakizioni kabisa. Wala hakizihitaji: nusu ya 72 inatosha na kubaki kwa kifurushi cha megabiti 10 au 15, na kwa mkutano wa video pia.

Muuzaji atasema basi nunua yenye nguvu zaidi. Hapa ndipo wengi wanapopotoka, kwa sababu mawasiliano ya waifai ni ya pande mbili. Mwenye kipaza sauti anasikika kijiji kizima, lakini asiyekuwa nacho akimjibu kutoka mbali hasikiki. Kipakatalishi kina antena ndogo na nguvu kidogo ya kutuma. Ruta ikipaza, vistari vya mawimbi kwenye skrini vinajaa, huku barua pepe yenye kiambatisho ikikataa kutoka. Antena nyingi na nzuri humsaidia kidogo msikilizaji aliye upande wa ruta, lakini haziondoi ukuta.

Na ukuta wetu ni mzito. Matumbawe ni jiwe la chokaa lenye vitundu, linalonyonya maji, na msimu wa masika likilowa humeza mawimbi zaidi. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo jiwe linavyokula zaidi: gigahazi 5 huumia kuliko 2.4, na 2.4 huumia kuliko megahazi 800, ambayo ni miongoni mwa masafa ya 4G hapa Kenya. Paa la makuti hupitisha mawimbi bila taabu, ilhali mabati huyarudisha yalikotoka. Kwa hiyo mwenye banda la makuti Kinondo na mwenye nyumba ya mawe na mabati Msambweni hawapaswi kupewa ushauri mmoja, hata wakinunua duka moja siku moja.

Swali likawa: ni wimbi lipi livushwe ukuta, la mnara au la waifai? Tulifungua ukurasa wa ruta ya 4G tukasoma nguvu ya mnara kila dirisha. Karibu na hasi 80 dBm ni nzuri; ikishuka chini ya hasi 110 laini inakatikakatika. Dirisha la sebule linaloelekea barabara ya Likoni na Lunga Lunga lilishinda, na chumba cha nyuma kikawa cha mwisho. Ruta ikawekwa pale dirishani, ya bei ya kadiri, yenye matundu ya kuchomeka antena ya nje iwapo itahitajika. Kuvuka kuta mbili tuliiachia waya: Cat5e iliyopita juu ya dari hadi mezani pake. Waya huo hubeba data hadi mita 100, na vipakatalishi vya zamani vina tundu lake ubavuni. Kifaa cha kurudufisha waifai tulikikataa, maana cha bei nafuu hupokea na kutuma kwa chaneli ileile, na kasi hukatika nusu.

Simu za watoto zinabaki na waifai ya sebuleni, kwenye chaneli 1, 6 au 11, ile isiyojaa kwa jirani. Nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza.

Stima ikikatika, ruta nyingi hutaka volti 12 tu, na betri ndogo ya volti hizo huiendesha saa kadhaa. Usiiweke usawa wa upepo wa bahari. Chumvi hula matundu ya shaba, na sisimizi hupenda joto la ndani yake.

Kuna siku ruta haina hatia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya ikadorora. Kabla ya kulaumu kifaa, pima safari mbili kwa amri ya ping: ya kwanza hadi anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1, ya pili hadi nje, kama 8.8.8.8. Ya kwanza ikijibu haraka na ya pili ikichelewa, tatizo liko nje ya nyumba.

Mwalimu akibadilisha kipakatalishi na kupata chenye Wi-Fi 6, hesabu itaanza upya, na hapo ruta ya masafa mawili itastahili bei yake, mradi ikae chumba kimoja naye.