‘Put off’: Mgomo haukuzimwa, uliahirishwa tu

Juzi nikitazama taarifa ya habari, mtangazaji mmoja alitangaza kwamba mgomo wa wafanyakazi uliopangwa kuanza Jumatatu “umezimwa”. Nilishtuka. Umezimwa na nani? Polisi? Mahakama? Punde akahojiwa kiongozi wa chama chao, naye akasema kwa Kiingereza kuwa mgomo ulikuwa ‘put off’ kwa wiki mbili ili kupisha mazungumzo. Kumbe! Uliahirishwa tu.

Kosa hili si dogo. Mgomo unaozimwa huvunjwa kwa nguvu au kwa amri. Unaoahirishwa husogezwa mbele na wenyewe, na bado upo. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa mfanyakazi haki ya kugoma. Mfanyakazi aliye Lodwar akisikia mgomo umezimwa, ataamini kwamba amepokonywa haki hiyo.

Tatizo lilianzia wapi? Sisi Wakenya tumezoea ‘put off the light’, yaani zima taa. Mtafsiri aliibeba ‘zima’ hiyo ya taa akaipachika kwenye mgomo. Alisahau kwamba ‘put off’ ina maana chungu nzima, na kwamba mara nyingi shamirisho ndilo huamua. Likiwa mkutano, ni kuahirisha. Akiwa mtu anayekudai pesa, ni kumzungusha, au kumpiga danadana kama wasemavyo vijana. Harufu ikikufanya uisukume sahani kando, imekukinaisha. Kelele zikimfanya mpigaji penalti akose goli, zimemvuruga. Na utingo akikutoa garini kabla ya kituo chako, amekushusha.

Kuna wanaodai eti maana hizi zote ni ushahidi kwamba Kiingereza ni tajiri kuliko Kiswahili. Si kweli. Kiingereza hulichukua neno ‘put’ na kuliongezea ‘off’, ‘on’ au ‘out’. Kiswahili hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo mwishoni mwa kitenzi: shuka, shusha, kinai, kinaisha, vaa, vua. Isitoshe, ‘zima’ yetu yenyewe ina maana zaidi ya moja. Kuzima taa ni kubonyeza swichi, lakini kuzima uasi ni kuukandamiza. Kwa hivyo, mtafsiri wetu hakuteleza katika Kiingereza pekee. Aliteleza katika Kiswahili pia.

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya 1996 na nyinginezo hutupa orodha ya maana, ila haziwezi kutuchagulia. Hebu basi, kabla ya kuifungua kamusi, tujiulize: nani anatenda, na anatenda nini kwa nani? Na tukishalipata neno, tujiulize tena: mfanyakazi akilisikia, atajua kama mgomo wake umekufa au unasubiri?