Vipindi vya Tsavo: jinsi maji yanavyojenga hadithi

Vipindi vya runinga kuhusu wanyama wa Tsavo ni vya aina tatu. Aina ya kwanza ni kipindi cha mahali: kamera hukaa sehemu moja na kueleza kila kiumbe kinachoishi hapo. Ya pili ni kipindi cha safari, ambacho hufuata kundi moja la wanyama likihama kutoka maji hadi maji. Ya tatu ni kipindi cha shajara, ambacho huandama kazi ya watu na wanyama siku baada ya siku.

Kila aina ina kazi yake inayojulikana. Kipindi cha mahali kinawakilishwa na filamu mbili za chemchemi ya Mzima: Mzima: Portrait of a Spring ya Alan na Joan Root, iliyoonyeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Mzima: Haunt of the Riverhorse ya Mark Deeble na Victoria Stone, ya mwaka 2001. Kipindi cha safari ni The Elephant Queen, kazi nyingine ya Deeble na Stone, iliyozinduliwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2018 na kuingia Apple TV+ Novemba 2019. Cha shajara ni Elephant Diaries, mfululizo wa BBC wa mwaka 2005 ulioendeshwa na Jonathan Scott na Michaela Strachan, kuhusu ndovu yatima wanaolelewa Nairobi na kurudishwa porini Tsavo.

Mazingira ya vipindi hivi ni mamoja. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, kisha ikagawanywa kuwa Mashariki na Magharibi. Zote mbili zina takriban kilomita mraba 22,000, na huchukua karibu asilimia 62 ya ardhi ya kaunti ya Taita Taveta. Mji wa Voi umekaa ukingoni kabisa mwa Tsavo Mashariki. Lango la hifadhi liko mwendo mfupi kutoka katikati ya mji.

Muundo: kupungua na kujaa

Mtunzi wa tamthilia huanza na ugomvi kati ya watu. Mtengenezaji wa kipindi cha Tsavo hana ugomvi wa kuandika, kwa hiyo hutafuta kitu ambacho kitabadilika chenyewe na kuwalazimisha wanyama wote kubadilika pamoja nacho. Kitu hicho ni maji. Nyanda za Voi hupata mvua mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na katikati ya misimu hiyo madimbwi hukauka. Kina cha maji kikishuka, hadithi inasonga mbele bila msimulizi kuisukuma.

The Elephant Queen imejengwa juu ya mpangilio huu. Sehemu ya kwanza inakaa kando ya dimbwi lililojaa. Ndovu jike kiongozi, Athena, anatambulishwa pamoja na familia yake, lakini muda mwingi wa mwanzo unawaendea viumbe wadogo: vyura, kobe wa majini, mbawakawa wanaofinyanga mavi ya ndovu, bata, na samaki wa madimbwi ambao mayai yao huvumilia ndani ya tope kavu hadi mvua irudi. Mtazamaji anaweza kudhani huo ni upotezaji wa muda. Umuhimu wake unaonekana dimbwi linapopungua: kila mmoja wa viumbe hao anapata tatizo lake, na kuondoka kwa ndovu kunakuwa na uzito kwa sababu wanaobaki wanajulikana tayari. Sehemu ya pili ni safari ya kutafuta maji ya kudumu, ambayo inagharimu uhai wa ndama. Ya tatu ni mvua na kurudi.

Mpangilio huo ndio nguvu kubwa ya filamu hiyo, na ndio sababu upigaji picha wake ulichukua miaka kadhaa. Mimba ya ndovu huchukua miezi 22, na ukame mkali hauji kwa ratiba. Mtengenezaji anayetaka kuonyesha kuzaliwa, kiangazi na mvua katika familia moja hana njia ya mkato.

Filamu za Mzima hazina bahati hiyo ya kiangazi, kwa kuwa maji ya chemchemi hayakauki. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu huzama katika miamba ya volkeno, huchujwa, na kutokea Mzima ikiwa safi kama kioo. Hapo mtengenezaji hulazimika kutafuta mwendo mwingine. Filamu ya 2001 ilichagua mnyororo wa chakula. Kiboko hutoka majini usiku, hula nyasi zinazofikia takriban kilo 40, kisha hurudi na kuacha mavi ndani ya maji. Mavi hayo hulisha wadudu na samaki, samaki huliwa na ndege na mamba, na chemchemi nzima huishi kwa kile kiboko alichokibeba kutoka nchi kavu. Kipindi kinapanda ngazi hizo moja baada ya nyingine, na kila tukio linajibu swali lililoachwa na tukio lililotangulia.

Mahali pa kuweka kamera

Ugunduzi mkubwa wa Alan na Joan Root ulikuwa kushusha kamera chini ya maji. Kabla yao, kiboko wa runinga alikuwa masikio na pua juu ya uso wa maji. Usafi wa maji ya Mzima uliwawezesha kuonyesha kwamba kiboko haogelei kama wengi walivyodhani. Hutembea na kukimbia kwenye sakafu ya chemchemi, akijisukuma kwa miguu, huku samaki wakimfuata na kumsafisha ngozi. Picha hizo zilibadilisha maarifa ya watazamaji pamoja na ladha yao.

Gharama ilikuwa hatari halisi. Wakati mmoja wakiwa katika maji ya Mzima, kiboko alishambulia. Jino lake lilitoboa barakoa ya kupigia mbizi ya Joan, na Alan aliumwa mguuni. Kwa upande wa ufundi, tukio hilo linaeleza kwa nini picha za karibu za kiboko chini ya maji ni chache: mpiga mbizi hawezi kutumia lenzi ya mbali ndani ya maji kama anavyoweza nchi kavu, kwa sababu maji, hata yakiwa safi, hufifisha picha kila umbali unapoongezeka. Ukaribu ni lazima.

Nchi kavu uamuzi mkuu ni urefu wa kamera kutoka ardhini. Picha iliyopigwa kutoka juu ya gari humfanya ndovu aonekane kama mtalii anavyomwona. Kamera ikishushwa hadi usawa wa maji, nyayo za ndovu hujaza fremu, na chura aliye mbele yake huwa na ukubwa unaolingana naye. The Elephant Queen hutumia pembe hiyo ya chini mara kwa mara, na matokeo yake ni kwamba viumbe wakubwa na wadogo wanaishi katika picha moja badala ya kukatiwa vipande tofauti. Hapo mhariri hahitaji kumshawishi mtazamaji kwamba wanahusiana. Macho yamekwisha kuona.

Elephant Diaries ilichukua njia nyingine. Kamera iko begani, inafuata walezi wakibeba chupa za maziwa na mablanketi, na watangazaji wanazungumza moja kwa moja na mtazamaji. Picha zake si nzuri kama za Mzima, lakini aina hiyo ya kipindi haihitaji uzuri huo. Inahitaji kuwahi: ndama anapougua au anapopakiwa kwenye lori kwenda Voi, mpiga picha hana nafasi ya kuomba tukio lirudiwe.

Mwanga na rangi

Voi iko nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Jua huchomoza na kutua likipanda na kushuka karibu wima, kwa hiyo mwanga wa dhahabu wa asubuhi na jioni haudumu. Saa tatu asubuhi kivuli tayari ni kikali, na adhuhuri ndovu huwa na mgongo unaong'aa na uso uliofichwa gizani. Ndiyo maana matukio makuu ya vipindi hivi hutokea asubuhi mapema au jioni, hata pale ambapo wanyama walikunywa maji mchana kutwa.

Udongo mwekundu wa Tsavo ni msaada na mtego kwa wakati mmoja. Ndovu hujirushia vumbi na kugaagaa kwenye tope hadi wawe na rangi ya udongo, rangi inayowatambulisha papo hapo kwamba ni wa Tsavo. Mtego uko kwenye meza ya kusahihisha rangi. Wekundu ukiongezwa kidogo kupita kiasi, nyasi hugeuka kahawia na anga huwa zambarau, na mkazi wa Mwatate au Maungu atatambua mara moja kwamba nchi hiyo si yake. The Elephant Queen inajizuia vizuri katika matukio ya mvua, ambapo kijani kimeachwa kiwe kijani.

Sauti

Sauti ndiyo sehemu ambayo mtazamaji hudanganywa zaidi bila kujua. Lenzi ya mbali huleta ndovu aliye mita mia mbili hadi mbele ya kioo, lakini kinasa sauti hakina uwezo huo. Kwa desturi ya kazi hii, hatua za miguu, kutafuna na kumwagika kwa maji hutengenezwa baadaye studioni na kupachikwa kwenye picha. Hakuna ubaya katika hilo mradi sauti ilingane na kitu kinachoonekana.

Tatizo gumu zaidi ni mazungumzo ya ndovu wenyewe. Sehemu ya miito yao iko chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, kiwango ambacho sikio la binadamu halikisikii, na spika za runinga ya kawaida haziwezi kukitoa. Miito hiyo husafiri kilomita kadhaa. Kwa hiyo huenda jambo muhimu zaidi katika uamuzi wa kundi kuhama lisisikike kabisa. Vipindi vingi huziba pengo hilo kwa muziki na kwa msimulizi. Chiwetel Ejiofor, msimulizi wa toleo la Kiingereza la The Elephant Queen, ana sauti ya utulivu inayofaa, lakini mara kadhaa maandishi anayosoma yanampa Athena mawazo ambayo picha haiwezi kuyathibitisha. Pale msimulizi anaponyamaza na kuacha ndovu wakipapasa mifupa kwa mikonga, tukio lina nguvu zaidi.

Wahusika

Kumpa mnyama jina ni mbinu ya uandishi kabla ya kuwa mapenzi. Mtazamaji hawezi kufuata ndovu kumi wanaofanana. Anaweza kumfuata mmoja mwenye pembe anazozitambua. Athena alifaa kwa sababu pembe zake ndefu zilimtofautisha hata katika picha ya mbali. Katika vipindi vya wanyama kwa jumla, hatari ya mbinu hii ni mhariri kutumia mnyama mwingine kujazia tukio la mhusika. Ndovu wanasaidia kuzuia jambo hilo, kwa kuwa mipasuko ya masikio yao hutofautiana na mtazamaji makini anaweza kukagua.

Elephant Diaries ina faida hapa. Yatima wake wana majina waliyopewa na shirika lililowalea, lililoanzishwa mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya David Sheldrick, msimamizi wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Majina hayo yalikuwepo kabla ya kamera kufika na yaliendelea baada yake. Zaidi ya hayo, walezi wanaonekana, wanazungumza, na wana utaalamu unaojitokeza kwa vitendo.

Kilichobaki nje ya fremu

Udhaifu wa pamoja wa vipindi vya mahali na vya safari ni kwamba vinamfuta binadamu. Mzima huonyeshwa kama dunia iliyofungwa, ilhali tangu miaka ya 1950 bomba la zaidi ya kilomita 200 hutoa maji yake hadi Mombasa, likipitia Voi, na viongozi wa Taita Taveta wamelalamika kwa miaka mingi kwamba kaunti hainufaiki ipasavyo. Hadithi inayohusu maji yanakokwenda ingeweza kulifuata bomba hilo kwa ufundi uleule uliotumika kufuata mavi ya kiboko.

Ndivyo ilivyo kwa ndovu. Barabara kuu ya Nairobi–Mombasa na reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, zinakata katikati ya Tsavo, na tuta la reli lina njia za chini za wanyama kupita. Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Kwa mpiga picha hilo ni tukio kamili: lina chanzo, kishindo na matokeo, na linaweza kupigwa picha usiku kwa kamera za kujiendesha. Kipindi cha safari kinachomaliza njia ya ndovu kwenye mpaka wa hifadhi kinaacha nusu ya safari yenyewe.

Lugha ya usimulizi

The Elephant Queen ilitengenezewa toleo la Kiswahili na kupelekwa kwa jamii za Kenya kwa gari la sinema ya kuhamahama. Kabla yake, Simon Trevor, aliyefanya kazi ya hifadhi Tsavo kabla ya kuwa mtengenezaji filamu, alianzisha mwaka 1998 shirika la African Environmental Film Foundation, linalotoa filamu za mazingira kwa Kiswahili kwa ajili ya shule na vijiji. Kazi hizi zinahitaji zaidi ya kubadilisha maneno. Msimulizi wa Kiingereza huwaeleza wageni ndovu ni nini. Mtazamaji wa Kasigau au Taveta anamjua ndovu kutokana na shamba lake la mahindi. Maandishi ya Kiswahili yanayomheshimu mtazamaji huyo hupunguza maelezo ya utangulizi, huongeza majina halisi ya vilima, mito na malambo, na hutaja hasara pamoja na uzuri. Kwa kipimo hicho, vipindi vya Tsavo vimefaulu katika picha na muundo kuliko katika maandishi, na kazi iliyobaki ni ya mwandishi zaidi kuliko ya mpiga picha.